Bakshishi isiliwe na mashine: njia za kuipokea Uganda, kuanzia iliyo bora

Mgahawa wangu uko Jinja, si mbali na daraja jipya la Nile. Wateja wangu ni wa aina mbili: wasafiri wanaopita kati ya Malaba na Kampala, na watalii waliotoka mtoni kwenye boti za mpira, njaa imewashika. Siku moja mhudumu wangu alinifuata kaunta akiwa na risiti mkononi.

"Madam, yule mgeni aliniachia elfu kumi. Mbona nimepata elfu tisa mia sita hamsini?"

Sikuwa na jibu la kumtazama nalo usoni. Mkataba wetu wa mashine ya kadi ulikuwa wa asilimia 3.5, na benki ilikata asilimia hiyo kwenye jumla yote, samaki na bakshishi pamoja. Mashine haijui kipi ni bei ya chakula na kipi ni asante ya mtu kwa mtu. Shilingi 350 ni ndogo, lakini bakshishi zikifika milioni mbili kwa mwezi, makato ni 70,000. Kwa mwaka ni 840,000, na zinatoka mfukoni mwa watu wanaosimama kutwa nzima. Tangu hapo nimejaribu njia zote zilizo chini. Nimezipanga kwa kipimo kimoja: kiasi gani cha bakshishi kinamfikia aliyehudumia.

1. Namba ya malipo ya simu, ya bakshishi peke yake

Kwa mteja mwenye laini ya Uganda, hakuna inayoishinda. Chukua namba ya pili ya malipo, ya MoMoPay ya MTN au ya Airtel Money, tofauti na ile ya mauzo. Bili inakwenda namba ya kwanza, bakshishi ya pili. Ukitaka kuandikishwa, nenda na kitambulisho na karatasi za biashara, na kabla ya kutia saini uliza mambo mawili: nani anakatwa wakati wa kupokea, na kuhamisha pesa kutoka namba hiyo kwenda laini ya kawaida kunagharimu kiasi gani. Wauzaji wengi huuliza la kwanza tu.

Nawasihi msibandike mezani namba binafsi ya mhudumu, hasa wa kike. Mmoja wa kwangu alipigiwa simu usiku wiki nzima na mteja aliyedai anataka kujua kama pesa imefika. Namba ya biashara inaonyesha jina la mgahawa na inamwacha binti wa watu apumzike.

Gharama kubwa ya njia hii inajificha mwishoni, kwenye kutoa. Serikali ilipoanzisha kodi ya pesa za simu mwaka 2018 ilianza na asilimia 1 kwa kuweka, kutuma na kutoa. Baada ya kelele ikabaki nusu asilimia, kwenye kutoa tu. Kwa hiyo anayetoa 100,000 anakatwa kodi ya 500, na juu yake ada ya mtandao, ambayo inapangwa kwa ngazi. Ngazi hizo humuumiza anayetoa kidogo kidogo: elfu tano leo, elfu saba kesho, kila mara ada. Sisi tunagawa mara moja kwa wiki, Jumamosi jioni, simu ikiwa mezani mbele ya wote. Na wengi wao siku hizi hawatoi kabisa. Wananunua Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla, wanalipa maji na ada za shule kutoka simuni.

2. Sanduku la taslimu

Noti haikatwi asilimia, basi. Ningeiweka ya kwanza kama wateja wote wangetembea na pesa mkononi, ila hawatembei nazo. Sanduku liwe na kufuli, ufunguo ukae kwa mhudumu waliyemchagua wao wenyewe, usikae kwako.

Kuhusu dola: noti ndogo, za dola moja na tano, hupewa bei ya chini kwenye maduka ya kubadilisha fedha kuliko za 50 na 100, na noti za zamani au zilizochanika hukataliwa. Dola tano kuukuu inaweza kumrudia mhudumu mkononi ilivyo. Mwambie mtalii kwa upole kwamba shilingi inamfaa zaidi anayempa. Wengi hufurahi kuambiwa.

3. Mashine ya kadi ya benki, kwa mkataba uliojadiliwa

Mtalii asiye na laini wala shilingi atalipa kwa kadi, na huwezi kumkatalia. Kwa hiyo mashine utakuwa nayo. Kazi yako ni kuichukua kwa akili. Ada unayokatwa ina mafungu matatu: la benki iliyotoa kadi, la Visa au Mastercard, na la benki iliyokupa mashine. Fungu unaloweza kulijadili ni hilo la tatu. Kadi za nje ni ghali kuliko za hapa nyumbani. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo mwaka 2015, benki iliyotoa kadi isichukue zaidi ya asilimia 0.2 kwa kadi ya debiti na 0.3 kwa kadi ya mkopo, lakini kikomo hicho ni cha malipo ya kwao. Mjerumani akila samaki Jinja, kadi ile ile inakuja na bei nyingine.

Nenda benki mbili au tatu ukiwa na taarifa zako za miezi sita. Omba viwango viandikwe kila kimoja peke yake: kadi za Uganda, kadi za nje. Uliza ada ya kukodi mashine kwa mwezi, na kama kuna ada ya kudumu kwa kila muamala. Hili la mwisho lina uzito kwenye bakshishi. Kama ada ni asilimia tupu, kutelezesha kadi mara mbili au mara moja ni sawa. Kama kuna shilingi kadhaa juu ya kila muamala, bakshishi iliyotengwa inailipia upya, kwa hiyo iingie kwenye bili moja. Na kwa kuwa kadi za chipu zinadai namba ya siri, bakshishi lazima iandikwe kabla mteja hajaibonyeza. Mfundishe mhudumu kuuliza mapema, bila haya.

Uingereza imeshalimaliza swali la nani abebe makato: sheria yao iliyoanza Oktoba 2024 inamkataza mwajiri kukata ada ya kadi kwenye bakshishi. Hapa nimeamua hivyo hivyo kwa hiari. Mashine ikikata, nalipa mimi.

4. Kiungo cha malipo

Kampuni kama Pesapal na Flutterwave zinakupa kiungo, mteja analipa kwa kadi kwenye simu yake. Kinamfaa mwongoza watalii au dereva asiye na duka. Kwa mgahawa, ni cha dharura mashine inapogoma.

Njia yoyote utakayochukua, bakshishi iwe na mstari wake kwenye daftari, pembeni ya mauzo. Biashara ndogo yenye mauzo yasiyozidi milioni 150 kwa mwaka hulipa URA, mamlaka ya mapato, kodi kwa kipimo cha mauzo, na bakshishi iliyochanganywa humo inafanya mauzo yaonekane makubwa kuliko chakula ulichouza. Mimi natumia daftari la kawaida la mistari: tarehe, meza, kiasi, njia. Jumamosi wahudumu wanalisoma wenyewe kabla hatujagawa.