Darasa la Maigizo la Jumamosi, Area D Dodoma: Maoni ya Mzazi

Darasa hili halina bango wala jina rasmi. Linaendeshwa katika ukumbi wa kukodi huku Area D, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana, kwa ada ya shilingi 10,000 kila Jumamosi, na wazazi wengi hulijua kwa kuambiana. Kazi yake ni moja: kuwaandaa wanafunzi wa sekondari kwa usaili wa waigizaji pale shule inapoandaa tamthiliya ya mahafali au ya siku ya wazazi. Binti yangu wa kidato cha tatu alitaka nafasi katika Kinjeketile, tamthiliya ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969 kuhusu Vita vya Majimaji, na kwa kuwa sauti yake hufifia kila anapotazamwa na watu wengi, niliona ada hiyo inafaa kujaribiwa.

Mwalimu ni mhitimu wa Bagamoyo, katika taasisi ya sanaa iliyojulikana kama Chuo cha Sanaa kabla ya kufanywa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni mwaka 2007, na mafunzo hayo yanaonekana katika namna anavyoanza. Hamruhusu mwanafunzi kukariri hata mstari mmoja kabla hajajibu maswali manne kwa maandishi: mhusika huyu ni nani, yuko wapi, anataka nini kwa yule anayezungumza naye, na nini kinamzuia kukipata. Mizizi ya maswali hayo iko kwa Stanislavski, Mrusi aliyefariki mwaka 1938, ambaye alisisitiza kwamba mwigizaji atende kwa kufuata lengo la mhusika badala ya kujilazimisha kuonyesha huzuni au furaha. Mwanzoni niliona huo ni mzunguko mrefu kwa mtoto atakayepewa dakika tatu tu jukwaani. Nilipomsikiliza binti yangu akisoma kabla na baada ya kuyajibu, nilielewa kwa nini mwalimu hakubali kuyaruka.

Kifungu alichopewa ni mazungumzo ya wanawake wawili wanaolalamikia njaa. Kwa mtoto aliyekulia mjini, ambaye njaa anayoijua ni ya kuchelewa kwa chakula cha mchana, maneno yale yalikuwa yakitoka kama tangazo la redio. Mwalimu alimtuma nyumbani akamuulize bibi yake kuhusu Mtunya, njaa kubwa iliyoikumba Ugogo kati ya mwaka 1917 na 1920, baada ya majeshi ya Wajerumani na Waingereza kuchukua nafaka, ng'ombe na wapagazi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kisha mvua nazo zikakatika. Mama yangu hakuiona njaa hiyo, lakini alilelewa na watu walioiona, na alisimulia jioni nzima jinsi wazee wake walivyokuwa hawawezi kuvumilia kuona punje ya uwele imeangushwa chini. Jumamosi iliyofuata binti alikisoma kifungu kilekile kwa sauti ya chini kuliko awali, na ukumbi mzima ukanyamaza. Sijaona zoezi jingine katika darasa hilo lililozaa matunda kiasi hicho, na halikugharimu chochote zaidi ya kumheshimu bibi kwa kumsikiliza.

Kuhusu woga, jambo ninalomsifia mwalimu ni kwamba hamwahidi mtoto yeyote kuwa utaondoka. Anawaeleza kwa lugha nyepesi kwamba mwili ukihisi unahukumiwa humwaga adrenalini, moyo ukaenda mbio, kinywa kikakauka na mikono ikatetemeka, na kwamba hali hiyo humpata hata mwigizaji mzoefu. Kisha anawafundisha kupumua: kuvuta hewa taratibu kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa hesabu ya sita au nane, kwa sababu kurefusha utoaji wa pumzi husaidia kupunguza mapigo ya moyo. Anawakataza pia kujiambia "nimetulia" wakati hawajatulia, na badala yake waseme "nina hamu ya kuanza". Nilidhani hayo ni maneno ya kutiana moyo tu, kumbe yana utafiti nyuma yake: mwaka 2014, Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard alichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba watu waliojiambia wana msisimko kabla ya kuimba au kuhutubia mbele ya wengine walifanya vizuri kuliko wale waliojaribu kujituliza.

Sehemu nyingine yenye thamani ni usaili wa majaribio. Mwalimu huwakalisha mbele wazazi na wageni wasiomjua mtoto, naye mwenyewe huinama akiandika bila kuinua macho, humkatiza katikati kwa kusema "asante, inatosha", au humtaka arudie maneno yaleyale kana kwamba mhusika amekasirika badala ya kuhuzunika. Huo ndio usaili ulivyo. Msaili anayeandika hajachukia, na anayekukatiza mara nyingi ameshaona alichokitaka. Anayekuomba urudie kwa namna nyingine anapima kama unaelekezeka. Mtoto asiyeyajua haya huvunjika moyo palepale na kuharibu dakika iliyobaki. Wenzao wanaocheka nyuma ya ukumbi nao huigizwa na wanafunzi wakubwa, ambao, niseme ukweli, huifurahia kazi hiyo kupita kiasi.

Mafunzo ya sauti ndiyo yaliyoniacha sijaridhika. Hewa ya Dodoma wakati wa kiangazi ni kavu, upepo hubeba vumbi hadi ndani ya ukumbi, na bati la juu hulia kila upepo unapovuma. Katika mazingira hayo, agizo la "paza sauti" linalorudiwa mara kwa mara huwafanya watoto wapige kelele kwa koo, na wengine huondoka wamekauka sauti. Nilitarajia mhitimu wa Bagamoyo awafundishe kuitegemeza sauti kwa pumzi ya tumboni, kutamka konsonanti za mwisho wa neno la kigeni na silabi za mwisho wa sentensi bila kuzimeza, na kunywa maji tangu asubuhi badala ya kugida chupa nzima dakika moja kabla ya kuitwa. Aliyagusa hayo juujuu tu.

Sikubaliani naye pia katika suala la lafudhi. Aliwataka watoto wote waseme kama watu wa Pwani, na mtoto mmoja mwenye lafudhi nzito ya Kigogo alisahihishwa mara nyingi hadi akaanza kuogopa maneno yenyewe. Matamshi yanayoeleweka ni haki ya mtazamaji, lakini sioni sababu ya kumwongezea woga mtoto ambaye kila neno lake lilisikika hadi mlangoni. Tatizo jingine huja wiki ya mwisho kabla ya usaili wa shule nyingi, ambapo darasa hujaa na mtoto hupata zamu moja ya kusimama mbele kwa asubuhi nzima, huku ada ikibaki ileile.

Binti yangu hakupata nafasi ya Bi. Kinjeketile aliyoitaka; alipewa ya Bi. Kitunda, na alitetemeka mikono hadi alipotamka mstari wa pili. Kwa mtoto mwenye hofu ya kusimama mbele za watu nalipendekeza darasa hili bila kusita, mradi aanze angalau mwezi mmoja kabla ya usaili. Yule ambaye tayari anajiamini na anahitaji mafunzo ya sauti atafute kwaya yenye mwalimu mzuri, zipo nyingi hapa mjini. Ada hulipwa mlangoni, taslimu au kwa simu, na ni vyema mwanafunzi aje na nakala yake ya kifungu, kwa sababu duka la fotokopi la jirani hufunguliwa saa nne, na mwalimu hamsubiri mtu.