Keria ya Kubebea Kayaki kwenye Pikapu: Ipi Inafaa Barabara za Uganda

Kabla hujamlipa fundi hata shilingi kwa keria ya kubebea kayaki, nenda kando ya pikapu yako utazame ule mwanya ulio kati ya kabini na bodi, yaani sehemu ya nyuma ya mizigo. Mwombe dereva apandishe gurudumu moja la nyuma juu ya tuta, polepole, nawe usiondoe macho. Utaona mwanya unabana upande mmoja na kuachia upande wa pili. Kabini na bodi ni vitu viwili vilivyofungwa kwenye chasisi moja, na kila kimoja kinacheza kivyake. Ukishaliona hilo kwa macho yako, maneno mengi ya wauzaji wa keria hayatakubabaisha tena.

Mimi nililijua kwa hasara. Keria yangu ya kwanza ilikuwa na bomba moja juu ya kabini na jingine juu ya bodi, yote mawili yameunganishwa kwa reli ndefu. Kwenye lami ya Kampala hadi Jinja ilitulia vizuri sana. Nilipoanza kuteremka nayo murramu, ile barabara ya udongo isiyo na lami, ya kwenda kwenye maporomoko ya Kalagala na Itanda, haikuchukua mwezi: sehemu ya kuchomelea ilipasuka, na paa la kabini likabonyea pale miguu ya keria iliposimama. Fundi alichomelea sawasawa. Mpangilio wenyewe ndio uliokuwa mbaya, na niliuagiza mimi.

Na murramu hatuikwepi. Bwawa la Bujagali kwenye mto Nile lilipozinduliwa mwaka 2012, maporomoko ya Bujagali yalikuwa yamekwisha kuzama. Bwawa la Isimba likafuata mwaka 2019, chini zaidi mtoni. Ukitaka maji makali ya Nile leo unaanzia chini ya bwawa la kwanza, unashuka na mto, na gari linakufuata kwa njia za vijijini kukuchukua mwisho wa safari. Kwa hiyo orodha hii nimeipanga kwa swali moja tu: je, mpangilio huu utavumilia mashimo na matuta mwaka mzima ukiwa na kayaki juu?

Nafasi ya kwanza, na kwangu iko mbali na nyingine zote, ni fremu iliyosimama kwenye bodi peke yake. Fikiria magoli mawili ya mpira: moja nyuma tu ya kabini, jingine karibu na mlango wa nyuma. Yote mawili yanashika bodi, wala hayagusi kabini. Kayaki inalala juu ya magoli hayo, na pua yake inapita juu ya paa la kabini bila kuligusa. Acha nafasi ya vidole vinne au zaidi kati ya kayaki na paa, kwa sababu gari likipiga shimo kila kitu kinashuka.

Bodi ya dabo kabini, ile yenye safu mbili za viti, ina urefu wa kama mita 1.5, kwa hiyo magoli yatakuwa mbali kwa kiasi cha mita 1.4. Hiyo inatosha hata kwa kayaki ndefu ya ziwani ya mita 4.5, ile unayoipeleka ziwa Bunyonyi au Entebbe. Mwenye singo kabini ana raha zaidi, maana bodi yake ni ndefu na magoli yanaachana vizuri.

Fremu ya namna hii haihitaji kuagizwa ng'ambo. Katwe pale Kampala kuna mafundi wa chuma wa kila aina, na Jinja nako hawakosekani. Ila uende ukijua unachotaka, maana mazungumzo yataanza hivi:

"Bosi, nikuwekee paipu ya milimita moja na nusu, ni nyepesi, itakupunguzia bei."

"Na ya milimita mbili?"

"Hiyo ni ya kazi. Lakini chuma ni ghali siku hizi."

Chukua ya kazi. Paipu ya mraba ya 40 kwa 40 yenye unene wa milimita 2 ina uzito wa karibu kilo 2.4 kwa mita. Fremu inayokula mita 12 itafika kilo 29 hivi. Ile ya milimita 1.5 ingekuwa kilo 22. Tofauti ya kilo saba kwenye bodi ya pikapu si kitu, lakini kwenye kona za fremu, pale mtikisiko unapokusanyika, nusu milimita hiyo ina thamani kubwa. Mwambie fundi aweke vipande vya pembetatu kwenye kila kona, na mkono wa mshazari kila upande ili goli lisiyumbe mbele na nyuma. Aifunge kwa bolti, asiichomelee kwenye bodi, na chini ya kila bolti aweke bati nene la chuma, kwa sababu bati la bodi ni jembamba na litachanika. Miisho ya paipu izibwe, la sivyo maji ya mvua yataingia na kutu itakula ndani kwa ndani huku nje rangi ikimeta. Kisha rangi ya kuzuia kutu kwanza, ya urembo baadaye.

Bolti zina faida nyingine. Pikapu kwetu ni ya kazi. Jumamosi inabeba kayaki, Jumatatu inabeba matoke au saruji. Fremu inayofunguka kwa spana moja ndani ya nusu saa utaishi nayo miaka.

Nafasi ya pili naipa kitu ambacho hakiuzwi popote: bodi yenyewe, bila keria. Ikiwa kayaki zako ni zile fupi za maji makali, za mita 2 hadi 2.7, ziegemeze puani juu ya mlango wa nyuma uliofungwa, au fungua mlango uzilaze. Weka kipande cha zulia au godoro pale plastiki inapogusana na chuma. Funga kwenye pete za bodi, na mwisho unaochomoza nyuma uutundikie kitambaa chekundu. Kayaki mbili au tatu zinakaa, huhitaji kuzinyanyua juu ya kichwa ukiwa umechoka, na upepo hauzisumbui. Wengi wetu tulipaswa kuanzia hapa. Kasoro yake ni kwamba mizigo na watu hawana tena nafasi nyuma, na kwa kayaki ya mita 4 haifai kabisa.

Ya tatu ni mabomba mawili juu ya kabini tu. Hapa ndipo bidhaa za viwandani zinapotamba: Thule ya Sweden, Rhino-Rack ya Australia, Front Runner ya Afrika Kusini. Ni vitu vizuri, vyepesi, vya alumini, na vinafungwa bila kutoboa. Tatizo liko kwenye paa lenyewe. Kwanza, mabomba yatakuwa karibukaribu, mara nyingi chini ya mita moja, na kayaki ndefu itayumba kama mizani. Pili, paa lina kikomo cha uzito, nacho kimeandikwa kwenye kitabu cha gari. Kisome. Tuseme kimeandikwa kilo 75. Toa uzito wa keria yenyewe, tuseme kilo 15, unabaki na 60. Ukienda njia mbovu punguza theluthi nyingine, unabaki na 40. Kayaki moja ya maji makali ina kilo 20 hivi. Basi ni mbili, na hesabu imekwisha. Ukiwa na keria nzito ya chuma juu ya kabini, unaweza kukuta umebaki na nafasi ya kayaki moja.

Kama una Land Cruiser ya 79, au pikapu ya zamani yenye ule mfereji wa maji pembeni mwa paa, hali yako ni nafuu. Miguu inayoshika mfereji inakaa imara kuliko ile inayobana kwenye ukingo wa mlango.

Kanopi, lile paa la kufunika bodi, inashika nafasi ya nne. Kanopi nyingi za faiba hazikutengenezwa kubeba mzigo paani, na zinazobeba zinataka fremu ndani yake. Muulize anayekuuzia kikomo cha uzito gari likiwa linatembea. Akisita, usiweke kitu juu.

Ya mwisho ni sponji juu ya paa na mikanda inayopita ndani ya milango. Kutoka hotelini hadi ufukweni, mwendo wa kilomita mbili, sawa. Kwa safari ya barabara kuu, hapana.

Sasa mikanda, maana keria nzuri yenye kamba mbaya haina maana. Nunua mikanda ya upana wa milimita 25, yenye bizimu ya kubana kwa kuvuta mkono, urefu wa mita 4 hivi. Ile yenye mtambo wa kukazwa kwa mkono wa chuma ni ya kufungia mashine na magogo. Inakaza kupita kiasi, na kayaki ni plastiki. Jua letu la saa saba likiipiga plastiki hiyo, inalainika, na asubuhi ya pili unakuta tumbo la kayaki limebonyea pale bomba lilipokuwa. Ndiyo maana pia nabeba kayaki zikiwa zimeinamishwa kifudifudi, au zimesimama kwa ubavu. Ubavu ni mgumu kuliko tumbo. Vishikio vya umbo la herufi J vinafanya kazi hiyo ya ubavu, na vinaokoa nafasi ukiwa na kayaki nne. Vilivyotengenezwa na fundi na kuvalishwa sponji vinatosha.

Mikanda ya tyubu, ile inayofunga kila kitu kwenye bodaboda, iache iwe ya kufungia makasia na jaketi za kuokolea. Mpira unavutika, na kinachovutika kinaipa kayaki nafasi ya kuteleza.

Kayaki ndefu iongezee kamba ya puani, ikishuka hadi kwenye bampa la mbele. Isikazwe sana, iwe tu haina ulegevu, kwani kazi yake ni kuzuia upepo usiinue pua. Upepo huo utakutana nao msituni Mabira kila lori linapokupita kwa kasi likitoka upande wa pili, na tena juu ya daraja jipya la Jinja, lile la mwaka 2018, ambako kwa zaidi ya mita 500 hakuna cha kukukinga.

Mikanda yote hulegea kidogo mwanzoni mwa safari, hata iliyofungwa na mtu mwenye uzoefu. Ukitokea Kampala, simama Mukono. Shuka, sukuma kila kayaki kwa mkono, mbele na nyuma. Gari likitikisika pamoja na kayaki, endelea na safari. Kayaki ikitikisika peke yake, fungua bizimu ufunge upya.