Mgahawa wa Kithai tulioupenda si ule tena

Naandika maoni haya kwa uchungu, kwa sababu mgahawa huu ndio ulionifundisha kula chakula cha Kithai, na kwa miaka mingi nimeusifia kwa kila rafiki aliyetaka kuniuliza pa kwenda kula. Baada ya kutofika kwa muda mrefu, hivi karibuni tulirudi tukiwa kundi, wengine wakiwa wateja wa zamani kama mimi na wengine wakiingia kwa mara ya kwanza kutokana na sifa zangu. Tulitoka tumeshiba, lakini hakuna aliyesema angependa kurudi.

Tulianza na tom yum ya kamba, supu ambayo mwaka 2024 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, na ambayo zamani mpishi wa hapa aliipa heshima yake. Harufu ya mchaichai, khulinjani na majani ya ndimu ilikuwa ikifika mezani kabla ya bakuli, na uchachu wake ulikuwa wa ndimu iliyokamuliwa mwishoni, supu ikiwa imeshaepuliwa. Safari hii tuliletewa mchuzi mwekundu wenye utamu wa sukari, na kamba waliopikwa kupita kiasi hadi wakawa wagumu kama mpira.

Som tam ndiyo iliyonisikitisha zaidi. Ni saladi ya papai bichi ambayo hutwangwa kwenye kinu pale inapoagizwa, na hapo awali mhudumu hakuondoka mezani kabla ya kuuliza tunataka pilipili ngapi. Sasa haikuulizwa pilipili wala kusikika mchi; sahani ilikuja ikiwa baridi, papai limelegea, na maji yamejikusanya chini, jambo linaloonyesha wazi kwamba ilichanganywa mapema na kuwekwa kwenye friji.

Kuhusu mchuzi wa kijani nina neno zito zaidi kuliko ladha. Mwenzetu mmoja ana mzio wa kamba, kwa hiyo aliiacha ile supu na kuagiza mchuzi wa kijani wa kuku, akauliza kwa upole kama una kamba ndani yake. Mhudumu alijibu hapohapo kwamba hauna, bila kwenda jikoni kuuliza. Kila anayefanya kazi katika mgahawa wa Kithai anapaswa kujua kwamba viungo vya kutwanga vya mchuzi huo kwa kawaida hutiwa kamba wadogo waliochachushwa kwa chumvi, hata kama nyama iliyomo ni ya kuku. Tulisisitiza aitwe msimamizi, naye akathibitisha kwamba wamo. Mwenzetu alikuwa bado hajaonja, lakini kwa mtu mwenye mzio jibu la kubahatisha linaweza kumfikisha hospitali.

Mchuzi wenyewe, sisi wengine tulipouonja, haukuwa na matone yale ya mafuta ya kijani yanayoelea juu pale tui zito linapokaangwa kwanza pamoja na viungo. Ulikuwa mweupe, mzito na mtamu, na bilinganya zilikuwa bado ngumu katikati.

Halafu kuna suala la mpangilio. Chakula cha Kithai huagizwa ili kiliwe kwa pamoja, wali ukiwa mbele ya kila mtu na vyakula vingine katikati ya meza, uchachu ukipunguza mafuta na chumvi ikituliza utamu. Sisi tuliletewa sahani mojamoja, kwa kupishana sana, kiasi kwamba tambi za mchele zilifika wakati wali umeshakwisha.

Wali wa kunata na embe bado ni mzuri, tui lake likiwa na ile chumvi kidogo inayotakiwa, na ukumbi ni safi kama zamani. Msimamizi alitusikiliza kwa heshima, akaomba radhi, akaondoa mchuzi kwenye bili, na akatueleza kwamba mpishi wa awali ameondoka. Nilimshukuru kwa ukweli huo. Hata hivyo, natoa nyota mbili kati ya tano, na yeyote mwenye mzio wa kamba, karanga au samaki asikubali jibu la mhudumu peke yake. Aombe mpishi mwenyewe aulizwe kabla ya kuagiza chochote.