Kasha la kadi za wanyama la kusomea: kaa na kasa waanze, silikanti angoje

Ukiulizia kasha hili katika maduka ya vifaa vya shule ya Ngamiani, hapa Tanga, hulikosi. Bei yake ni shilingi 22,000. Ndani mna kadi 40 za silabi, kadi 64 za maneno zenye picha, vijitabu vitano na bango moja la ukutani. Limekusudiwa chekechea na darasa la kwanza, na viumbe wake karibu wote ni wa bahari yetu, mikokoni na misitu ya Usambara. Twiga na pundamilia hawamo, na hilo peke yake linatosha kulifanya lichunguliwe.

Maana twiga, kwa mtoto anayeanza, ni neno gumu: linaanza na "twi". Simba ana "mba", pundamilia ana "nda" na urefu juu yake. Anayeanza anataka konsonanti moja na irabu moja, basi, na pwani yetu imetupa maneno hayo bure. Chukua irabu tano na herufi nne tu, k, p, t na s, upate paka, kuku, papa, popo, kaa, taa (yule samaki bapa), kasa na kipepeo. Viumbe wanane, na mtoto wa Chumbageni au Sahare wengi wao amewaona kwa macho. Aliyetunga mpangilio wa kadi za silabi alilijua hilo: ameanza na irabu, akafuata na k, p, t, s, kisha m, b na n. Hapo apewe haki yake.

Kadi za maneno ndizo zenye kasoro kubwa. Picha na neno viko upande mmoja, picha juu, neno chini. Matokeo yake mtoto anasoma picha. Mwonyeshe kadi ya changu, atakwambia "samaki" bila kugusa herufi hata moja. Ya kima atasema "nyani" au "tumbili". Mwalimu asiye makini atamsahihisha jina la mnyama na kuamini amefundisha kusoma. Dawa yake ni rahisi: kata ukanda wa manila, funika picha. Mtoto aguse silabi moja moja kwa kidole, azitamke, aziunganishe, ataje neno, ndipo ufunue. Picha iwe jibu, isiwe kidokezo. Na atamke "ka", asitaje jina la herufi. Anayefundishwa "ke, a" huja kulisoma paka "pe-a-ke-a".

Kwa kuhesabu silabi kasha halina kifaa chochote. Tumia vipande vya vifuu vya nazi, kimoja kwa kila silabi: viwili kwa ka-sa, vinne kwa ki-pe-pe-o. Kaa na taa huwachanganya wengi, kwa kuwa masikio yanasikia sauti moja ndefu. Weka vipande viwili, ka-a, mtoto apige kofi mara mbili. (Kombe na kauri zinapendeza zaidi, lakini ziacheni pwani.)

Kisha kuna kosa la ukataji wa silabi, na hili ni la kusahihisha kwa kalamu kabla kadi hazijaingia darasani. Kadi ya mbuzi imeandikwa m-bu-zi. Si kweli: ni mbu-zi, silabi mbili. Mchapaji ameiga mbuyu, ambao kweli ni m-bu-yu. Kwa macho maneno hayo yanaanza sawasawa, ila wingi unafichua: mbuyu huwa mibuyu, kwa hiyo ile m ni kiambishi na inasimama peke yake; mbuzi hubaki mbuzi. Kwa njia hiyo hiyo mkoko ni m-ko-ko na mkonge ni m-ko-nge, lakini mbega ni mbe-ga. Mbu, mbwa, nge na nzi, kwa ufupi wao, hukatwa m-bu, m-bwa, n-ge, n-zi. Ukiwa na mtoto anayekwama hapa, mwambie apige makofi. Mikono haikosei kama macho.

Herufi mwambatano, yaani zinazotamkwa pamoja kama ny na ch, zimeachwa kabisa katika kadi za silabi, ilhali kadi za maneno zina ng'ombe, nyoka, ngisi na chewa. Itabidi ujitengenezee: safu tano, yaani nya, ng'a, nga, cha na sha, kila moja na irabu zake, kadi 25 kwa jumla. Ukumbuke ritifaa, ile alama ya juu katika ng'. Katika kijitabu cha tatu imedondoka mara mbili, ng'ombe amekuwa "ngombe", na mtoto anayeletewa ng'onda, samaki wa kukausha, kila siku mezani anastahili kuiona mahali pake.

Vijitabu ndivyo vinavyolipa bei. Cha nne, kuhusu maji kupwa na kujaa, ni kizuri hasa. Ukurasa mmoja una "Kaa huyu ana magando", wa pili "Kaa hili lina moto". Neno ni lile lile, maana mbili, na kinachomwongoza msomaji ni "huyu" na "hili". Umuulize mtoto achague picha: mnyama au kaa la moto la jikoni? Akipatia, anaelewa anachosoma. Ongeza mwenyewe paa wa msituni na paa la nyumba, au mbuzi huyu na mbuzi hii ya kukunia nazi.

Cha kwanza nakiweka kando. Kinafungua na silikanti, nadhani kwa fahari ya Tanga: tangu 2004 samaki huyu amekuwa akinaswa kwenye majarife ya wavuvi wetu, na hifadhi yake ya bahari ilitangazwa 2009. Lakini anaishi kwenye kina kirefu, mtoto hajawahi kumwona, na jina lake linaishia na "nti". Anzeni na cha pili, cha kwanza kisomwe mwisho.

Bango ni "A ananasi, B bata", halina jipya.

Kadi zimechapwa kwenye karatasi nzito lakini hazijapakwa plastiki, na hewa ya chumvi ya pwani huzikunja haraka. Zipake selotepu pana pande zote mbili, ukingo ubaki milimita tatu nje ili maji yasipenye, uzihifadhi katika kopo la biskuti lenye kifuniko. Boksi lake la karatasi halifungiki vizuri.