Juisi ya Holunder kwa usiku wenye saa nane mbili

Natunza wazee hapa Hamburg, mwaka wa sita sasa, na zamu zangu nyingi ni za usiku. Usiku wa kuamkia Jumapili ya mwisho ya Oktoba, ikigonga saa tisa, saa zinarudishwa kuwa saa nane, na sisi tulio zamu tunaianza upya saa tuliyokwisha kuimaliza. Aliyelala kwake anaongezewa usingizi, sisi tunaongezewa kazi. Wazee wenyewe habari ya saa haiwahusu. Bibi wa chumba cha mwisho anaamka kwa saa ya mwili wake, anabonyeza kengele anataka chai, na nje bado giza totoro.

Wiki inayofuata ndiyo inayonichosha hasa. Jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Usingizi wa mchana unagoma. Hata mama yangu kule Temeke nampata kwa shida, maana tofauti yetu inatoka saa moja inakuwa mbili. Nikimaliza kula nikishika simu, ameshalala. Humo humo hita zinawashwa, madirisha yanafungwa, kila chumba mtu anakohoa. Novemba tatu mfululizo nilishikwa na mafua ya kunilaza kitandani. Ndipo nikaanza kununua Holunder.

Ni tunda dogo jeusi, ukubwa wake haupiti sana punje ya pilipili manga, linaning'inia vishada vishada. Waingereza huliita elderberry, na wenyeji wa huku kaskazini huliita Fliederbeere.

Nilianza vibaya. Nilinunua peremende za jeli kwenye duka moja karibu na stesheni, kopo la vidonge 60, karibu euro 13, neno "kinga" limeandikwa mbele kwa herufi kubwa. Nilipofika nyumbani nikageuza kopo. Cha kwanza kwenye orodha ni sharubati ya glukosi, cha pili sukari, Holunder yenyewe iko mkiani. Halafu pale kwenye "kinga" kuna kinyota, ukikifuata chini unaambiwa kinachosaidia kinga ni vitamini C iliyoongezwa. Hiyo si bahati mbaya. Sheria ya Umoja wa Ulaya inaruhusu kusema hivyo kuhusu vitamini C, vitamini D au zinki. Holunder haijapewa ruhusa hiyo. Kwa hiyo wanaweka picha ya tunda, maneno wanayaazima kwa vitamini. Nyota moja kati ya tano, na hiyo ni kwa kopo, sasa nimelitilia vifungo vya nguo.

Juisi ni habari nyingine. Naichukua Isemarkt, soko la Jumanne na Ijumaa lililo chini ya daraja la treni ya U3, kwa mama mmoja mwenye meza ya juisi na tufaha. Wajerumani juisi ya namna hii huiita Muttersaft, yaani juisi mama: tunda limekamuliwa na juisi ikapashwa moto, haikuongezwa maji wala sukari. Chupa ya mililita 700 nililipa euro 6.50. Ukiimimina kwenye glasi nyeupe rangi yake ni ya zambarau, ile zambarau yenyewe tuliyokuwa tunaokota chini ya mti tukirudi nyumbani na ndimi nyeusi. Na ukakasi wake ni ule ule, unakamata mashavu kwa ndani. Aliyekua na zambarau hatashangaa, ila asivae nguo nyeupe. Tone moja lilidondoka kwenye sare yangu ya kazi, nikaliloweka, nikalisugua, liko pale mpaka leo.

Mimi naweka robo kikombe cha juisi, najazia maji ya moto yaliyochemshwa na tangawizi ya kuponda na kijiti cha mdalasini, kisha asali ikishapoa kidogo. (Mtoto asiyefikisha mwaka asipewe asali kabisa.) Yule mama wa sokoni aliniambia wao wanaipika supu, na vipande vya tufaha na madonge madogo ya unga wa semolina. Nilimsimulia mpishi wetu kazini, akaipika siku ya Jumapili. Bibi wa chumba cha mwisho, ambaye siku nyingi hula vijiko viwili akasukuma sahani, alilikomba bakuli akasema, "Ya mama." Midomo yake yote ilikuwa ya zambarau. Nilimfuta taratibu, sikutaka kumharakisha.

Je, inakinga? Novemba iliyopita sikuugua. Lakini Oktoba ile ile nilichanjwa chanjo ya homa ya mafua, na nilitundika pazia zito nikaanza kulala mchana kama mtu. Siwezi kuipa juisi sifa zote hizo. Utafiti nao unavutana. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2016 uliwapima wasafiri 312 wa ndege kutoka Australia: waliotumia Holunder walipata mafua karibu sawa na wenzao, ila waliougua walipona mapema zaidi. Katika mwingine wa Cleveland, Marekani, uliochapishwa mwaka 2020, wagonjwa 87 wa homa ya mafua walipimwa, na walioitumia hawakuonyesha nafuu yoyote. Kwa hiyo inyweni kwa joto lake na ladha yake, chanjo msiiache, na anayetumia dawa za kupunguza kinga amuulize daktari wake kwanza.

Jambo moja naliomba sana, hasa kwa wageni wa huku: msichume vichakani mkala mbichi. Majani, vijiti na tunda bichi vina kitu kinachogeuka sumu ya sayanidi tumboni; moto ndio unaokiondoa. Mwaka 1983 huko California watu 8 walikimbizwa hospitali baada ya kunywa juisi iliyokamuliwa mbichi, na majani na vijiti ndani yake.

Juisi naipa nyota nne. Ya tano nimeishikilia kwa sababu chupa ikifunguliwa inataka kumalizwa ndani ya wiki hivi, hata ikiwa kwenye friji, na kwa anayeishi peke yake ni nyingi. Wangetoa chupa ndogo. Ya mwaka huu nimeshainunua, na themosi nimeiosha. Naifungua ikifika saa nane ya pili.