Ghala la zamani: kukarabati au kubomoa?

Eneo la Viwanda, Nairobi, limejaa maghala yaliyozeeka. Ukikarabati, unabaki na kuta na nguzo zilizopo, kazi inaisha upesi, na fundi wa jua kali bado ataimudu kodi. Kituo cha sanaa cha GoDown kilianza hivyo mwaka 2003 kwenye Barabara ya Dunga (nacho baadaye kikaamua kujenga upya!).

Ukibomoa na kujenga ghorofa, unaingiza watu wengi kwenye ploti ileile, tena karibu na reli. Lakini bomba la majitaka lililowekewa wafanyakazi wa zamu litahimili vyoo mia mbili? Hapo mwenye mradi hukohoa kidogo.

Mimi ningekarabati, isipokuwa paa likiwa la asbesto (vumbi lake hudhuru mapafu). Hilo lishushwe, na wataalamu.