Barua ya historia ya Smith & Wesson kwa rivolva ya urithi: uzoefu wangu

Mume wangu alirithi rivolva ya babu yake, na pamoja nayo hadithi ya ukoo: kwamba mzee aliivaa kiunoni akiwa jeshi la majini la Marekani, kwenye Bahari ya Pasifiki, Vita vya Pili vya Dunia. Mimi ni mtu wa Tanga, silaha nilizozoea ni zile za askari wa mlangoni benki. Lakini mwenye udadisi nyumbani ni mimi, kwa hiyo kazi ya kuichunguza ikawa yangu.

Huduma niliyolipia ni barua ya historia inayotolewa na Smith & Wesson Historical Foundation. Unajaza fomu, unaeleza namba ya silaha, urefu wa mtutu, kaliba (ukubwa wa risasi) na alama zote unazoziona, unaweka picha, unalipa. Wao wanaitafuta kwenye vitabu vya kiwanda cha Springfield, Massachusetts, kisha wanakuandikia. Mimi niliipata baada ya wiki kadhaa.

Kabla hujatoa pesa, ichunguze mwenyewe kwanza. Fungua silinda, hakikisha haina risasi hata moja, kisha shika kioo cha kukuzia. Yetu ina rangi ya kijivu isiyong'aa, vibao laini vya mpini visivyo na nakshi, na pete ya kufungia kamba chini ya kitako. Juu ya mtutu pamepigwa chapa tarehe tatu, ya mwisho DEC. 29. 14. Duka moja la silaha lilishatuambia kwa kujiamini kabisa kwamba ni ya 1914. Si kweli. Hizo ni tarehe za hataza (haki za uvumbuzi), na kiwanda kiliendelea kuzipiga kwenye mitutu miaka mingi baadaye. Kinachosema umri ni namba iliyo chini ya kitako, na yetu inaanza na herufi V. Mwaka 1942 namba za modeli hiyo, Military & Police, zilipofika milioni moja, kiwanda kilianza upya na V, ya Victory (ushindi), hadi vita vilipoisha 1945; ndiyo maana hizo zinaitwa Victory. Ukikuta SV, yako ni ya mwishoni: S iliongezwa baada ya kubadilishwa kizuizi cha hama (nyundo inayofyatua risasi), kwa kuwa bastola moja ilidondoka melini, ikafyatuka na kuua baharia.

Sasa barua yenyewe. Sehemu kubwa ni historia ya modeli, ile Military & Police iliyoanza 1899. Inasomeka vizuri, ila nilichokitaka kilikuwa aya moja tu: ilitoka kiwandani 1942, mtutu wa inchi 5, kaliba .38 S&W, ikapelekwa kwa serikali ya Marekani kupitia bohari ya silaha ya Hartford, Connecticut. Basi. Vitabu vya kiwanda vinaishia getini. Nani aliishika baada ya hapo si kazi yao kujua.

Hata hivyo aya hiyo moja iliitikisa hadithi ya babu. Jeshi la majini lilipewa Victory za inchi 4 zenye kaliba .38 Special, risasi tofauti na .38 S&W. Hizi za inchi 5 na .38 S&W zilitengenezwa kwa ajili ya Waingereza na makoloni yao, ambao walikuwa na upungufu mkubwa wa silaha baada ya kuacha nyingi Dunkirk, pwani ya Ufaransa, 1940. Ndiyo maana juu ya silinda ya yetu pameandikwa UNITED STATES PROPERTY: ilikuwa mali ya Marekani, Mwingereza alikopeshwa.

Safari iliyobaki niliisoma kwenye chuma. Ubavuni kuna maandishi madogo, NOT ENGLISH MAKE, na kwenye mtutu alama za taji za ukaguzi, pamoja na .38 .767" na 3½ TONS. Maneno hayo ya "si ya Kiingereza" yalipigwa Uingereza kati ya 1925 na 1955 kwa silaha za kigeni zinazouzwa huko. Na .767 ni urefu wa ganda la risasi ya awali. Maana yake, ilipokaguliwa, vyumba vya silinda vilikuwa bado havijaguswa. Lakini fundi wa silaha niliyempelekea alitumbukiza ganda tupu la .38 Special, refu kuliko la asili, nalo likazama lote. Kuna mtu alivichimba vyumba hivyo baadaye, na nadhani ilikuwa huku Marekani. Fundi alitukataza kupiga risasi hizo humo: ganda ni jembamba kwa tundu lile, linavimba na linaweza kupasuka.

Kwa hiyo babu huenda aliinunua tu baada ya vita. Hadi 1968 mtu aliweza kuagiza bastola kwa posta huku Marekani. Mama mkwe nilipomsomea alisema, "Mwanangu, hiyo karatasi haikumjua baba yangu," nami sikubishana naye. Babu yangu mwenyewe alikuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) huko Burma, na hakuna karatasi inayomtaja.

Naipa huduma nyota nne kati ya tano. Kama namba yako inaanza na V na unataka mwaka tu, bakisha pesa zako. Kama mna ubishi nyumbani kuhusu ilikopelekwa, au mnataka kuiuza kwa mkusanyaji, lipa. Na usiisugue wala kuipaka rangi kabla ya kupiga picha. Alama za taji ni ndogo na zinafutika kwa msasa.